Je, Damu Yaweza Kutuambia kwa Nini Mbwa Anajikuna?

Wasomaji wengi wa gazeti letu wamekulia katika nyumba zenye mbwa wa ulinzi, na ninyi mliokwisha kumaliza masomo, bila shaka baadhi yenu sasa mnafuga mbwa wenu wenyewe. Kwa hiyo nadhani habari hii itawafaa.

Mbwa ninayetaka kumweleza aitwa Simba, na mwenyewe ni baba yangu mdogo akaaye Bukoto, hapa Kampala. Simba alipofika umri wa miaka miwili alianza kulamba miguu yake ya mbele usiku kucha. Kisha akajikuna masikio na makwapa mpaka manyoya yakanyonyoka na ngozi ikawa nyeusi. Majirani walisema, "Huo ni upele, utawaambukiza watoto, heri auawe." Rafiki mmoja akasema sivyo, bali damu yake itolewe, ipelekwe ng'ambo ikapimwe, na jibu kamili litarudi. Baba mdogo alimpenda Simba, akawa tayari kulipia kipimo hicho kwa fedha alizoziweka kwa ajili ya karo yangu. Basi nilikuwa na sababu mbili za kutaka kujua kama damu husema kweli.

Kwanza yatupasa kufahamu maana ya mzio. Mwaka 1906 daktari mmoja wa Vienna, Clemens von Pirquet, ndiye aliyebuni neno "alergi", ambalo sisi twaliita mzio. Mwili una walinzi wake wanaopigana na vijidudu. Lakini pengine walinzi hao hukosea, wakashambulia kitu kisicho na madhara, kama mlinzi wa lango ampigaye rungu mchuuzi wa maziwa. Kwa mbwa, kitu hicho chaweza kuwa utitiri mdogo sana ukaao katika vumbi na matandiko, au chavua ya majani, au kuvu, au mate ya kiroboto, au hata chakula. Binadamu mwenye mzio mara nyingi hupiga chafya. Mbwa hujikuna.

Je, mlinzi huyo akoseaye ni nani? Jibu lilipatikana kati ya mwaka 1966 na 1967. Kimishige Ishizaka na mkewe Teruko, Wajapani waliokuwa wakifanya kazi Denver, Marekani, na Bennich na Johansson wa Uppsala, Sweden, waligundua katika damu ya watu kingamwili ya namna mpya. Mwaka 1968 ilipewa jina imunoglobulini E, na kwa kifupi IgE. Mbwa naye anayo. IgE hushikamana na chembe fulani za ngozi, na kitu kinachochukiwa kikifika, chembe hizo hupasua vifuko vyao na kumwaga maji yenye kuwasha.

Hapo mtu aweza kusema, "Basi kazi imekwisha! Tupime IgE, tutajua." Nami nilidhani hivyo. Lakini kuna vikwazo vitatu.

Kikwazo cha kwanza ni kwamba mbwa wote wana IgE nyingi, wazima na wagonjwa, kupita binadamu. Tena minyoo huiongeza. Katika nchi kama yetu, ambako mbwa wengi wana minyoo, wingi wa IgE hautuambii lolote juu ya ngozi.

Cha pili, hata tukipima ile IgE inayohusu kitu kimoja tu, kama utitiri wa vumbi, twaikuta katika mbwa wengi wazima wasiojikuna kamwe. Tena wako mbwa wenye dalili zote za mzio ambao damu yao haionyeshi kitu. Shahidi anayewashitaki wasio na hatia na kuwaachilia baadhi ya wenye hatia hawezi kuwa hakimu.

Cha tatu, kwa mzio wa chakula, vipimo vya damu haviaminiki. Njia ya kweli ni kumlisha mbwa kwa majuma manane au zaidi chakula asichokizoea, kisha kumrudishia kile cha zamani na kutazama kama atajikuna tena.

Wataalamu hawakukata tamaa, wametafuta alama nyingine katika damu. Moja ni interlukini 31, ambayo ni kama mjumbe apelekaye habari ya kuwasha kwenye mishipa ya fahamu. Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba mjumbe huyo alionekana katika damu ya mbwa 57 katika kila 100 wenye ugonjwa huu, wala hakuonekana katika wale wazima. Ni habari njema, na dawa mpya za kuzuia kuwasha zimetokana na ujuzi wa mjumbe huyo. Lakini fanya hesabu mwenyewe: katika wagonjwa 100, 43 wangeambiwa kwamba ni wazima. Alama nyingine huitwa TARC, nayo huziita chembe nyeupe za damu zije kwenye ngozi. Mwaka 2020 wachunguzi wa Japani walionyesha kwamba hupanda ugonjwa uzidipo na kushuka mbwa apatapo nafuu. Alama hii yaweza siku moja kuwasaidia madaktari kupima kama dawa inafanya kazi. Hata hivyo, mpaka leo hakuna alama hata moja ya damu ambayo peke yake yaweza kusema, "Mbwa huyu ana mzio wa ngozi."

Basi daktari hujuaje? Hujua kwa kuuliza, kwa kutazama, na kwa kuondoa sababu nyingine moja moja. Mwaka 2010 Claude Favrot na wenzake walieleza dalili nane za kuangalia. Miongoni mwake ni hizi: ugonjwa ulianza kabla ya miaka mitatu, kuwasha kulitangulia vidonda, miguu ya mbele na masikio yameshikwa, lakini kingo za masikio na mgongo karibu na mkia ni salama. Dalili hizo mbili za mwisho zina maana kubwa, kwani kingo za masikio ni mahali papendwapo na upele, na mgongo karibu na mkia ni mahali pa viroboto.

Daktari wa wanyama aliyemwona Simba alifuata njia hiyo. Alitafuta viroboto kwa kitana chenye meno ya karibu karibu, akampa dawa, na mahali alipolala pakasafishwa. Alikwangua ngozi akaitazama kwa darubini, kisha akampa dawa ya upele hata hivyo, maana wadudu wa upele ni wajanja kujificha. Alitibu ngozi iliyooza kwa bakteria na kuvu. Mwisho Simba, aliyezoea ugali na dagaa, alilishwa nyama ya sungura na viazi vitamu tu kwa majuma manane. Watoto walikatazwa kabisa kumtupia makombo, na hilo ndilo lililokuwa gumu kuliko yote!

Simba alipata nafuu, lakini miguu na masikio viliendelea kuwasha. Hapo ndipo daktari aliposema kwamba ni mzio wa vitu vya mazingira, nao hauambukizi watoto. Damu ilikuwa bado haijatolewa hata tone.

Je, kipimo cha damu hakina faida? Kinayo, ila mahali pake ni mwisho, si mwanzo. Ugonjwa ukiisha kujulikana, damu, au kipimo cha sindano ndogo ngozini, husaidia kuchagua vitu vya kutiwa katika sindano za kuuzoeza mwili. Sindano hizo zaweza kuchukua miezi mingi, pengine mwaka mzima, na si mbwa wote wanaofaidika. Asiyekusudia kuzitumia hana haja ya kupima.

Baba mdogo hakukusudia. Simba huoshwa kila juma, hupewa dawa ya viroboto bila kukosa, na siku kuwasha kuzidipo hupata vidonge kwa amri ya daktari. Bado hujilamba kidogo, lakini manyoya yameota, na usiku yuko langoni. Karo yangu nayo ililipwa.

Nawaomba, ndugu zangu, mbwa wenu akijikuna, msikimbilie kumwua, wala kumpa dawa za binadamu, wala kununua jibu kabla ya kuuliza maswali. Anzeni na viroboto.