Ruta isiyosahau

Alama ya Waifai imejaa, lakini ukurasa haufunguki. Aliyekuwa akitazama video anaendelea kutazama. Anayetaka kufungua kitu kipya ndiye anayekwama. Ruta inachomolewa, inachomekwa tena, mambo yanakuwa shwari, na kesho yake ni yale yale. Lawama zote humwendea mtoa huduma. Mara nyingi anastahili, ila safari hii huenda hana kosa.

Nyumba nzima hutumia anwani moja ya nje. Ili ijue jibu linalorudi ni la simu ipi, ruta huandika kila muunganisho katika jedwali lililo kwenye ramu. Ni kama daftari la wageni getini, na kinachosumbua ni wanaotoka bila kuaga: simu ikizimika ghafla haitoi taarifa ya kufunga muunganisho, hivyo mstari wake unabaki mpaka muda uishe.

Muda wenyewe sasa! Katika Linux, mfumo unaoendesha ruta nyingi za nyumbani, muunganisho wa TCP uliokaa kimya husubiriwa, usipobadilisha chochote, sekunde 432,000. Hizo ni siku 5.

Ruta maarufu ya Linksys WRT54G ilikuwa na ramu ya MB 16 katika matoleo yake mengi ya mwanzo. Mtumiaji mmoja wa BitTorrent, programu inayofungua miunganisho kwa mamia, alitosha kuielemea. Jedwali likijaa, maombi mapya hutupwa.

Wengi hukimbilia kulipanua jedwali. Kwenye kifaa kidogo huko ni kuhamisha tatizo, maana kila mstari hula ramu. Dawa ianzie kwenye muda. OpenWrt, mfumo wa ruta uliojengwa juu ya Linux, huuweka sekunde 7,440, yaani saa 2 na dakika 4, kiwango cha chini kinachotajwa na waraka wa taratibu za intaneti RFC 5382 wa mwaka 2008. Kwa desturi kompyuta huupima muunganisho uliokaa kimya baada ya saa 2. Dakika 4 ni za ziada. Ukiushusha muda huo hadi dakika 5, fundi aliyeacha muunganisho wa seva wazi akaenda kunywa chai atarudi akute amekatwa, na programu za ujumbe zitalazimika kubisha hodi kila mara, zikimaliza chaji.

Mwenye OpenWrt aangalie jioni, watu wote wakiwa mtandaoni, idadi ya miunganisho hai dhidi ya kikomo. Ikikikaribia, apunguze muda kwa kiasi. Ikiwa mbali nacho, basi ampigie simu mtoa huduma.