Picha ya Jeli ni Kipimo, Si Pambo

Mtoto mgonjwa wa malaria anapewa dawa mseto, homa inashuka na vimelea vinatoweka. Wiki ya nne vimelea vinaonekana tena katika damu yake. Je, dawa imeshindwa kuviua vyote, au mtoto ameumwa na mbu mwingine aliyembebea vimelea vipya? Katika majaribio ya dawa za malaria nchini Tanzania, Kenya na Uganda, ambako wagonjwa hufuatiliwa kwa siku 28 au 42, swali hilo kwa miaka mingi limejibiwa kwa picha. Damu iliyotolewa kabla ya matibabu hulinganishwa na ile ya siku vimelea viliporudi: vipande vya jeni kama msp1 na msp2 huzalishwa kwa wingi kwa njia ya PCR, hupitishwa kwenye jeli bega kwa bega, kisha hupigwa picha. Bendi zikilingana urefu, vimelea ni wale wale na dawa inahesabiwa kuwa imeshindwa. Zikitofautiana, ni maambukizi mapya na dawa haina lawama. Hukumu ya dawa inayotegemewa na nchi nzima hupitia ndani ya sanduku la giza lenye kamera. Kwa hiyo kamera ya maabara inastahili heshima ile ile tunayoipa mizani, na faili lake la kwanza, lisiloguswa, litunzwe kama ushahidi.

Tuangalie kwanza kinachopigwa picha. Jeli ya agarosi hutengenezwa kutokana na mwani mwekundu. DNA ina chaji hasi, kwa hiyo umeme ukiwashwa vipande vyake husafiri kuelekea upande chanya, vifupi vikitangulia na virefu vikichelewa. Macho hayavioni mpaka vitiwe rangi. Rangi iliyozoeleka ni ethidiamu bromaidi, kemikali ambayo pia imetumika Afrika, kwa jina la homidiamu, kutibu nagana ya ng'ombe. Ikishajipenyeza ndani ya DNA na kumulikwa kwa mionzi ya urujuanimno, hung'aa kwa rangi ya chungwa. Kichujio mbele ya lenzi huzuia mionzi na kupitisha mng'ao huo. Kwa protini kazi ni ngumu zaidi. Katika mbinu ya Western blot, iliyoelezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1979, protini huhamishwa kutoka kwenye jeli hadi kwenye utando, kingamwili huisaka ile inayotafutwa, na kimeng'enya kilichoshikizwa kwenye kingamwili huchochea kemikali itoe mwanga. Mwanga huo ni hafifu mno, na kamera huweza kuhitaji dakika kadhaa kuukusanya. Kihisi chake hupozwa hadi nyuzi 20 au 30 chini ya sifuri, maana joto lenyewe huzalisha elektroni ambazo kihisi hakiwezi kuzitofautisha na zile zilizoletwa na mwanga.

Kila pikseli ya kihisi ni kibaba: mwanga hukijaza haba na haba, na kiwango kilichomo ndicho kipimo. Kibaba kikishajaa, kinachoongezwa humwagika tu. Bendi mbili zilizovuka kikomo huonekana sawasawa hata kama moja ina protini mara tano ya mwenzake. Upande wa chini nako kuna hatari. Kamera nyingi za maabara huhifadhi ngazi 65,536 za mwanga, ilhali picha ya kawaida ya JPEG ina ngazi 256 tu kwa kila rangi, na ngazi zilizobanwa hazirudi tena. Turudi kwa yule mtoto. Tuseme kabla ya matibabu alikuwa na aina mbili za vimelea, moja tele na nyingine chache. Ile chache ilionekana kama bendi ya kufifia, nyembamba kama uzi. Mtu akiikoleza picha ili mandhari yawe meusi na bendi kubwa ipendeze, uzi ule unatoweka. Siku ya 28 aina ile ile inarudi peke yake, haina wa kulinganishwa naye, na inaandikwa kuwa maambukizi mapya. Hakuna aliyekusudia kudanganya, lakini dawa imesafishwa jina isivyostahili.

Ushahidi unaonesha kwamba tatizo hili halikai kwenye nadharia. Mwaka 2002 jarida la Journal of Cell Biology lilianza kukagua picha za makala zilizokubaliwa kabla ya kuzichapisha. Mwaka 2016 Elisabeth Bik, Arturo Casadevall na Ferric Fang walitoa matokeo ya kupitia makala 20,621 kutoka majarida 40: asilimia 3.8 zilikuwa na picha zenye kasoro, na angalau nusu ya hizo zilikuwa na dalili za kuchezewa makusudi. Mwaka 2024 jarida la Nature liliiondoa makala ya mwaka 2006 kuhusu ugonjwa wa Alzheimer kwa sababu ya picha za blot zilizochezewa, baada ya watafiti wengine kuitegemea kwa takriban miaka 18.

Wapo watakaosema kila picha hurekebishwa, na kwamba kuongeza mwanga si kosa. Ni kweli, majarida huruhusu marekebisho yanayogusa picha nzima kwa usawa na yasiyoficha kitu. Lakini bila faili la asili, hakuna awezaye kuthibitisha kwamba mipaka hiyo ilizingatiwa. Wengine watalalamikia gharama. Picha ya pikseli milioni 4, kila moja ikichukua baiti 2, ni megabaiti 8, chini ya video fupi nyingi za simu. Je, simu yenyewe haitoshi? Kwa swali la ndiyo au hapana, kama vile PCR imefanya kazi au la, inatosha. Kwa kulinganisha viwango haitoshi, kwa kuwa simu hung'arisha na kubana picha yenyewe bila kuulizwa. Wa mwisho watasema zama za jeli zinapita: mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri nchi ziache kutumia Western blot kupima VVU, na usomaji wa jeni unachukua nafasi ya bendi. Hata hivyo mashine nyingi za kusoma jeni nazo hufanya kazi kwa kupiga picha za nukta zinazong'aa. Chombo kinabadilika, wajibu unabaki.

Vyuo vyetu, basi, vimfundishe mwanafunzi kukagua kama kibaba kimejaa kabla ya kumfundisha kupendezesha picha. Kamati za maadili ziulize faili la asili litahifadhiwa wapi, na wahariri walidai pamoja na makala. Anayemeza dawa hataiona picha hiyo kamwe. Tunaoiona ndio tunaowajibika kwake.