Kitufe Ambacho Hakijabonyezwa

Tuseme uko Kasulu, na mwenzako aliyeko Kibondo anakutumia programu ya kujumlisha alama za wanafunzi. Jaribio 40, mtihani 35. Unabonyeza "Jumlisha", linatoka jibu 4035. Kulikoni?

Programu zenye vitufe huendeshwa na matukio. Maelekezo ya kitufe yamelala tu, yanaamka kikibonyezwa. Na unachoandika kwenye kisanduku hupokewa kama maandishi, si namba. JavaScript, lugha iliyotoka mwaka 1995, ikikuta alama ya kujumlisha kati ya maandishi mawili, inayaunganisha tu. Hailalamiki.

Hapo ndipo kosa linapojificha. Unaweza kujaribu vitufe tisa vikakubali, kumbe cha kumi, kile cha ripoti ya mwisho wa muhula, hakuna aliyewahi kukigusa.

Dawa ni kukagua aina mapema. Mwaka 2012 Microsoft walitoa TypeScript. Ukitangaza kwamba jumla ni namba, inakataa maandishi kabla programu haijaanza kazi. Lazima uyageuze kwanza. Inakagua hata vitufe ambavyo havijabonyezwa. Ni kama ngeli: ukisikia "kitabu vimepotea", unajua sentensi ina kosa kabla hata hujaanza kukitafuta hicho kitabu.

Ila ngeli haijui kama kitabu kimepotea kweli. Vivyo hivyo, ukiandika 53 badala ya 35, zote ni namba, itapita. Hapo linabaki jicho la mwalimu, mtoto asipewe alama isiyo yake.