Mwezi, Bahari na Tone la Maji

Tunamhimidi Mwenyezi Mungu Mtukufu, aliyeumba kila kitu akakikadiria kipimo chake, na tunamsalia Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake na Masahaba zake. Amma baad.

Ndugu Waislamu, mliokaa misikitini na mnaotusikiliza majumbani. Kurani Tukufu, katika Sura ya al-Ghashiya, inawaelekeza watu wa jangwani wamzingatie ngamia kabla ya kuzizingatia mbingu. Walianzishiwa na kile walichokuwa nacho mlangoni. Sisi watu wa pwani, tulicho nacho mlangoni ni bahari. Basi leo na tuizingatie bahari jinsi ipwavyo na kujaa.

Mvuvi hahitaji kuambiwa kwamba maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, wala kwamba kesho yatachelewa kuliko leo. Ukipima kwa saa utaona uchelewaji huo ni dakika 50 hivi, na kwa wastani mwezi nao huchelewa kuchomoza kwa kiasi hicho hicho. Mafungamano haya si ya bahati. Mwezi, ulio umbali wa kilomita 384,000 hivi kutoka kwetu, unaivuta dunia. Maji ya upande unaouelekea mwezi huvutwa kwa nguvu zaidi kuliko ardhi iliyo chini yake, yakavimba. Na maji ya upande wa pili huvutwa kwa nguvu ndogo kuliko ardhi, yakaachwa nyuma, nayo yakavimba. Ndiyo sababu ya kujaa mara mbili, si mara moja.

Jua nalo lina sehemu yake. Uzito wake ni mara milioni 27 ya ule wa mwezi, lakini kwa kuwa liko mbali zaidi kwa kiasi cha mara 390, nguvu yake juu ya maji haifiki nusu ya ile ya mwezi. Mwezi unapoandama, na unapokuwa mpevu, vyote viwili huwa katika mstari mmoja na dunia, vikavuta pamoja. Siku moja au mbili baadaye huja bamvua. Mwezi unapokuwa nusu, kila kimoja huvuta upande wake, na maji huwa mafu. Huko Unguja maji ya bamvua huweza kupanda na kushuka kiasi cha mita 4. Akina mama wa Paje na Jambiani wanaolima mwani huzijua siku hizo vizuri, maana ndizo siku ambazo maji hutoka mbali nao wakateremka kufunga na kuvuna. Mwezi huo huo unaotutangazia Ramadhani ndio unaowapangia kazi.

Hapa pana jambo linaloleta ugomvi katika baadhi ya nyumba zetu. Mtoto hurudi kutoka shule akasema, "Baba, mwezi ndio unaojaza bahari." Baba hukasirika akamwambia, "Nyamaza, ni Mungu." Baba amesema kweli, na mtoto amesema kweli. Tukisema mvua huotesha mahindi, hatujamnyima Mola wetu kitu chochote. Tumetaja chombo, hatukumtaja fundi. Mtoto anayekemewa kwa kusema jambo aliloliona kwa hesabu atadhani kwamba dini inaiogopa hesabu, na huo ndio mwanzo wa kumpoteza.

Mtume (s.a.w.) mwenyewe alitufunza. Mwaka wa 10 wa Hijra mwanawe Ibrahim alifariki, na siku hiyo jua likapatwa. Watu wakasema limepatwa kwa msiba huo. Mtu mwingine angelifurahia sifa hiyo. Yeye aliwakatalia, akawafahamisha kwamba jua na mwezi ni ishara za Mwenyezi Mungu, havipatwi kwa kufa wala kwa kuzaliwa kwa mtu, kisha akawasalisha. Aliondoa dhana, na ibada akaiacha mahali pake. Na hili liwafikie pia wahubiri wanaodai kuwa kila kilichogunduliwa jana kimo katika aya fulani. Sifa ya kubuni haimwongezei Mungu utukufu.

Tuuache mwezi sasa, tuteke tone moja la maji ya bahari. Kwa macho ni maji matupu. Katika miaka ya 1980 wataalamu waligundua humo kijimea kiitwacho Prochlorococcus, ambacho hata milimita moja ya rula ingepangwa zaidi ya elfu moja wake. Katika bahari za joto, milimita moja ya ujazo wa maji huweza kuwa na mamia yake. Vijimea hivi na wenzao wa baharini hutengeneza karibu nusu ya oksijeni yote inayotengenezwa duniani kila mwaka. Ni viumbe ambavyo wazee wetu waliishi na kufa bila ya kuvijua, huku vikiwatumikia.

Tumbawe nalo si jiwe. Ni mnyama mdogo wa milimita chache, na ndani ya mwili wake huishi vijimea vinavyomlisha sukari kutokana na mwanga wa jua, naye akavipa makazi. Maji yakizidi joto lake la kawaida kwa nyuzi moja au mbili tu, kwa wiki kadhaa, mkataba huo huvunjika: vijimea hutoka, tumbawe likawa jeupe, na mara nyingi likafa. Tuliyaona hayo mwaka wa 1998, matumbawe mengi yalipofia katika bahari yetu ya Hindi.

Sura ya ar-Rahman inataja mbingu, kisha mizani, kisha inakataza mizani hiyo isivukwe. Wafasiri wengi wameieleza kwa uadilifu, wakataja na mizani ya sokoni, nasi hatuwapingi. Lakini yule anayetupa baruti juu ya mwamba apate samaki wa asubuhi moja, akauvunja mwamba uliojengwa kwa karne nyingi na samaki wakakosa pa kuzalia, huyo amepunja kwa mizani gani? Na anayewanunua samaki hao hali akijua walivyovuliwa, ana fungu gani katika kosa hilo? Maswali haya tunawaachia wavuvi na wachuuzi wa kila diko, wayajibu kabla ya bamvua ijayo.

Wabillahi-t-tawfiki.