Katibu Aitwapo Kituo cha Polisi

Msimu wa ununuzi unapofungwa na hesabu ya ghala isipolingana na stakabadhi za wakulima, mara nyingi katibu wa chama ndiye wa kwanza kuitwa kituo cha polisi. Huenda hakuchukua hata senti moja. Hata hivyo, saa chache atakazokaa mbele ya mpelelezi zaweza kuamua mengi kuliko miezi yote ya kesi, kwa sababu maneno yake huandikwa, naye huyatilia sahihi.

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 imeweka utaratibu wa mahojiano hayo. Mtu aliye chini ya ulinzi hahojiwi kabla ya kuelezwa, kwa lugha anayoifahamu vizuri, jina na cheo cha askari anayemhoji, kosa analotuhumiwa, na onyo kwamba halazimiki kusema lolote, bali atakalosema laweza kuandikwa na kutolewa mahakamani kuwa ushahidi. Aelezwe pia kwamba aweza kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki.

Kunyamaza si kukiri. Lakini haki hiyo isichanganywe na wajibu wa katibu kwa chama chake. Vitabu, stakabadhi na funguo za kasha ni mali ya chama, na mkaguzi wa hesabu akivitaka hana budi kupewa. Anayekesha akirekebisha daftari baada ya kusikia kwamba polisi wanakuja hujitafutia kosa jingine, nalo huwa rahisi kulithibitisha.

Muda wa kuhoji ni saa nne tangu mtu awekwe chini ya ulinzi. Muda wa safari ya kwenda kituoni, au wa kumngoja wakili, hauhesabiwi. Mkuu wa upelelezi aweza kuongeza muda usiozidi saa nane, naye mtuhumiwa aarifiwe. Zaidi ya hapo huombwa kwa hakimu. Mahakama ya Rufani imekwisha kuyaondoa katika kumbukumbu za kesi maelezo yaliyochukuliwa nje ya muda bila sababu ya kutosha. Kwa hiyo yafaa mtuhumiwa akumbuke saa aliyokamatwa na saa aliyoanza kuhojiwa.

Jambo linalosahauliwa kuliko yote ni kusoma. Katibu asiyethubutu kutia sahihi hati ya kupokelea magunia ya korosho kabla ya kuyahesabu hutia sahihi kurasa tatu za maelezo yake mwenyewe bila kuzitazama, kwa kuwa usiku umeingia na anataka kwenda nyumbani. Alisema "nilipokea fedha za malipo". Ikiandikwa "nilichukua fedha za malipo", neno moja limekwisha kumgeuza mpokeaji kuwa mwizi. Sheria yampa nafasi ya kusoma au kusomewa, kusahihisha na kuongeza kabla ya kutia sahihi. Akitaka, aweza kuyaandika maelezo yake kwa mkono wake mwenyewe.

Maelezo ya kukiri kosa yanakubalika tu yakiwa yametolewa kwa hiari. Kwa Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1967, upande wa mashtaka ndio unaopaswa kuthibitisha hiari hiyo. Vitisho na kipigo vyafahamika na wote. Ahadi ndiyo huwapitia watu. Mtu akiambiwa "kiri tu, leo utalala kwako", huo nao ni ushawishi, na sheria hauutazami kuwa jambo dogo.

Aliyepigwa au kutishwa amweleze hakimu siku ile ya kwanza anapofikishwa mahakamani, aonyeshe na majeraha kama yapo. Tena, upande wa mashtaka unapoomba maelezo yake yapokewe kuwa kielelezo, hapo ndipo pa kuyapinga, yeye mwenyewe au kwa kinywa cha wakili wake, kabla hayajapokewa na kusomwa. Akikaa kimya wakati huo, malalamiko yake mbele ya mahakama ya rufani hupata masikio mazito.