Fiksa: Namna ya Kuichagua na Kuipima

Katika mkoa wa Geita, ambamo mji wa Runzewe umo, metali hutenganishwa na mwamba kwa msaada wa kemikali. Wachimbaji wadogo hutumia zebaki. Mgodi mkubwa wa Geita, uliofunguliwa mwaka 2000, hutumia mmumunyo wa sianidi ambao huyeyusha dhahabu. Kazi ya namna hiyo hufanyika pia katika chumba cha giza cha mpiga picha. Humo, metali inayohusika ni fedha, na dawa inayotumika huitwa fiksa.

Filamu ya picha nyeusi na nyeupe imepakwa jelatini yenye chembe za bromidi ya fedha. Dawa ya kusafishia filamu hugeuza chembe zilizopigwa na mwanga kuwa fedha halisi, ambayo huonekana nyeusi. Chembe nyingine hubaki kama zilivyokuwa, na zisipoondolewa huingia weusi kidogo kidogo na kuiharibu picha. Maji peke yake hayaziyeyushi. Mwaka 1819 Mwingereza John Herschel aligundua kwamba chumvi iitwayo leo thaiosalfeti ya sodiamu huyeyusha chumvi za fedha. Mwaka 1839 ikaanza kutumika katika kukaza picha.

Kuchagua

Fiksa ya thaiosalfeti ya sodiamu hutengenezwa kwa fuwele au unga, nayo huchukua dakika 5 hadi 10. Ile ya thaiosalfeti ya amoniamu humaliza kazi kwa dakika 2 hadi 5. Baadhi ya fiksa hutiwa shabu ili jelatini iwe ngumu. Shabu hufaa penye joto, kwa kuwa jelatini iliyovimba kwa maji ya moto hukwaruzika upesi. Lakini jelatini iliyokazwa huhitaji kuoshwa kwa muda mrefu zaidi. Kwa hiyo, mahali ambapo maji huchotwa kwa ndoo, ni afadhali kupoza dawa zote na kutumia fiksa isiyo na shabu. Kwa fiksa hiyo, kampuni ya Ilford ya Uingereza huelekeza kubadili maji mara tatu tu: tangi hupinduliwa mara 5, kisha 10, kisha 20.

Kupima

Fiksa iliyochoka haitambulikani kwa macho. Filamu huonekana safi, kumbe imebakiza misombo ya fedha, na miaka ikipita picha hugeuka manjano au kahawia.

Kipimo cha kwanza hufanyika mwangani. Tone la fiksa hudondoshwa juu ya kipande cha filamu isiyosafishwa. Baada ya sekunde 30 kipande chote huzamishwa katika fiksa. Muda unaopita hadi doa la tone lisitofautike tena na sehemu nyingine huandikwa. Filamu yenye picha ikae mara mbili ya muda huo. Muda ukifikia mara mbili ya ule wa fiksa mpya, fiksa hiyo isitumike tena.

Katika kipimo cha pili, matone machache ya mmumunyo wa iodidi ya potasiamu wa asilimia 5 hutiwa katika fiksa kidogo. Ukungu wa manjano usiotoweka baada ya kutikiswa ni iodidi ya fedha: fiksa imelemewa.

Fiksa iliyochoka isimwagwe mtoni wala karibu na kisima, maana fedha iliyomo huweza kudhuru viumbe wa majini. Ikipitishwa katika nyuzi laini za chuma za kusugulia sufuria, chuma huyeyuka na fedha hubaki kama tope jeusi. Hivyo mwanafunzi huona kwa macho yake kwamba chuma hutenda kikemia kwa nguvu kuliko fedha, na metali yenye thamani haipotei.