Shemasi: Mtu wa Kutumwa

Shemasi aliyewekewa mikono jana huulizwa leo swali lile lile, awe Mkatoliki au Mwanglikana: "Upadre lini?" Muulizaji hana nia mbaya. Anamtakia heri, kama tunavyomtakia mwanafunzi amalize masomo. Lakini swali hilo limebeba dhana kwamba ushemasi ni chumba cha kungojea, na kwamba kazi yenyewe bado haijaanza. Dhana hiyo inaligharimu Kanisa, na inafaa kuifungua taratibu.

Tuanze na neno lenyewe. "Shemasi" tumelipata kwa Kiarabu, nacho kililichukua katika Kiaramu, kwenye mzizi wenye maana ya kutumikia. Katika Kigiriki cha Agano Jipya ni "diakonos". Kwa miaka mingi wafasiri walimwelewa huyu zaidi kama mhudumu wa mezani, mtu wa kazi duni. Mwaka 1990 mtaalamu wa Australia, John N. Collins, alichapisha uchunguzi wake wa maandishi ya kale ya Kigiriki. Alionyesha kwamba neno hilo mara nyingi linamtaja mtu aliyekabidhiwa agizo: mjumbe anayekwenda kati ya pande mbili kwa niaba ya aliyemtuma. Msemaji wa Kiswahili hashangai sana, kwa kuwa katika lugha yetu mtume na mtumishi wote wamezaliwa na kitenzi kimoja, kutuma. Anayetumika ni yule aliyetumwa.

Kwa mwanga huo, isome tena sura ya 6 ya Matendo ya Mitume. Yerusalemu, wajane wa waumini waliosema Kigiriki walikuwa wakisahauliwa katika mgawo wa kila siku, na manung'uniko yakaanza. Mitume hawakuwanyamazisha walalamikaji. Waliita mkutano, wakataka wachaguliwe watu saba wenye sifa njema, waliojaa Roho na hekima. Majina ya waliochaguliwa ni Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena na Nikolao. Yote saba ni ya Kigiriki. Inaelekea basi kwamba mgawo ulikabidhiwa kwa watu waliotoka upande ule ule uliopitwa, watu waliowajua wajane wale kwa sura na kwa lugha.

Ni kweli kwamba kitabu cha Matendo hakiwaiti hao saba mashemasi. Jina hilo walipewa na mapokeo ya baadaye, tangu karne ya 2. Hata hivyo mapokeo yaliona sawasawa jambo moja: hawakuishia kwenye kugawa chakula. Stefano alihubiri hadi akapigwa mawe. Filipo alipeleka Injili Samaria, kisha akambatiza Mwethiopia katika njia ya Gaza. Mkate na neno vilibebwa na mikono ile ile.

Katikati ya karne ya 2, Mtakatifu Yustino alieleza jinsi Wakristo walivyokusanyika Jumapili. Baada ya sala ya shukrani, aliandika, mashemasi waliwagawia waliokuwapo mkate na divai, na wasiokuwapo wakapelekewa. Naona hapo ndipo moyo wa wito huu unapodunda. Kati ya meza ya Bwana na kitanda cha mgonjwa kuna njia, na shemasi ndiye mwenye njia hiyo. Akienda anabeba chakula. Akirudi anabeba habari: nani ameugua, nani hana kodi ya nyumba, nani amenyang'anywa shamba baada ya kufiwa na mume. Maandiko ya kanisa la Shamu ya karne ya 3 yalimtaka shemasi awe kama sikio la askofu. Askofu asiye na sikio kama hilo huongoza waumini asiowajua.

Basi ilikuwaje huduma hii ikawa ngazi tu? Katika Kanisa la Magharibi, kadiri karne zilivyopita, malezi ya makasisi yalipangwa kwa madaraja, na kutunza maskini kukawa zaidi kazi ya monasteri na nyumba za wagonjwa. Shemasi akabaki altareni. Wanamageuzi walijaribu kuirudisha kazi ile: mwaka 1541, kanuni za kanisa la Geneva chini ya Calvin ziliweka mashemasi wa kusimamia fedha za maskini na wa kuwauguza wagonjwa. Mwaka 1836, mchungaji Theodor Fliedner alianzisha mjini Kaiserswerth, Ujerumani, nyumba ya mashemasi wanawake waliofunzwa uuguzi. Huduma yao ilikumbusha kwamba Paulo, katika Warumi 16, alimpa Fibi wa Kenkrea jina hilo hilo la "diakonos". Walutheri wa Tanzania wanaposema "dikonia" wanatumia neno la ukoo huo.

Upande wa Wakatoliki, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifungua mlango mwaka 1964, na mwaka 1967 Papa Paulo VI akatoa taratibu za ushemasi wa kudumu, ambao hata mwanamume mwenye ndoa anaweza kuupokea. Barani Afrika mashemasi hao bado ni wachache. Sababu mojawapo ni katekista, ambaye kigangoni hufundisha, huongoza ibada ya Jumapili padre asipokuwapo, na huzika. Mzigo mkubwa wa kishemasi anaubeba yeye, mara nyingi kwa posho ndogo au bila posho kabisa.

Wito huu tunautambuaje? Waraka wa kwanza kwa Timotheo, sura ya 3, hauanzi na elimu wala sauti nzuri. Unataka shemasi asiwe na kauli mbili, asiwe na tamaa ya mapato ya aibu, na ajaribiwe kwanza. Vipimo hivyo vinatokana na kazi yenyewe. Mtu huyu ataingia vyumbani mwa watu, atasikia siri, atashika fedha za sadaka. Wahenga walisema mjumbe hauawi. Lakini mjumbe mwenye ndimi mbili anaweza kuua usharika mzima. Kwa hiyo usharika unaotafuta shemasi usitazame tu anayejitokeza kwa hamu. Umtazame yule ambaye wagonjwa wanamjua tayari.

Na yule aliyewekewa mikono jana, hata kama mwakani atakuwa padre, tumpokee kwa kazi ya leo. Ibada inapokwisha, kwa desturi shemasi ndiye anayewaaga waumini waende kwa amani. Anawatuma, na yeye mwenyewe ametumwa. Mlangoni tuache kumuuliza upadre lini. Tumwelekeze nyumba ya mzee ambaye leo hakuweza kuja.